Uso Unaopitisha Upepo

Nchi ninayoisema haimo kwenye ramani yoyote, na msijisumbue kuitafuta. Wapo waliowahi kuitafuta, wakaitwa mahali, wakaulizwa walikuwa wanaitafutia nini. Itoshe kujua kwamba ni nchi yenye amani tele, jua kali, na Mlezi Mkuu mmoja ambaye kila jema linatoka kwake. Jua nalo lilikuwa lake, ila msimu wa kiangazi, watu walipoanza kuanguka barabarani, redio ilieleza kwamba jua la saa saba mchana linatoka nchi jirani.

Huko aliishi msanifu majengo aitwaye Nyamizi Kasanda, mwanamke wa makamo, mkimya, mwenye tabia ya kutazama dari za watu kabla hajawatazama wenyewe. Alikuwa mwajiriwa wa Idara ya Majengo ya Shule. Idara ilikuwa na wafanyakazi arobaini: thelathini na tisa wa uzinduzi, na yeye wa majengo.

Binti yake wa pekee, Kabula, alikuwa darasa la nne katika Shule ya Msingi Shukurani. Darasa lenyewe lilikuwa sawa na mengine yote nchini: kuta za tofali za saruji, mabati bila dari, na dirisha refu upande wa magharibi ambako jua la mchana liliingia bila kubisha hodi. Walimu, katika kulikimbia jua, waliziba dirisha kwa maboksi. Kwa kuziba jua wakawa wameziba na hewa. Upepo ulibaki uwanjani unacheza na bendera, na ndani watoto hamsini na wawili walikuwa wanaiva taratibu.

Ikifika saa saba walianza kuzimia. Serikali, msidhani ililala, ilikuwa imeshalitolea jambo hilo mwongozo: mtoto akizimia alazwe mkekani nyuma ya darasa, na kwenye daftari la mahudhurio iandikwe kwamba anatafakari. Kwa hesabu hiyo nchi ile iliongoza bara zima kwa wingi wa watoto wanaotafakari.

Siku moja Nyamizi alipita shuleni kumpelekea binti yake daftari alilolisahau nyumbani. Akamkuta mkekani, midomo imekauka, macho yamepinduka. Mwalimu Mkuu Ngwale, mtu mzima mwenye huruma aliyejifunza kuificha, alikuwa anampepea kwa kipande cha boksi.

"Anatafakari tangu saa saba, Mama Kabula," alisema bila kumtazama usoni. "Leo wako saba."

"Mwalimu, huyu mtoto anakufa."

"Hilo neno sijalisikia," alisema Mwalimu Ngwale kwa upole, huku akizidi kupepea. "Na wewe hujalisema."

Nyamizi aliogopa siku ile kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Alimbeba mtoto mgongoni hadi nyumbani, akamnywesha maji kwa kijiko, akamkanda kwa kitambaa chenye maji, na alipomwona ameanza kulalamika njaa ndipo naye akaketi. Akavuta karatasi, akaanza kuchora.

Alichochora hakikuwa cha ajabu. Vilikuwa vibao virefu vya mbao, vimepangwa kwa kulala nje ya dirisha, kimoja juu ya kingine. Vikiinamishwa kiasi chake, jua linagonga mgongo wa kibao na kuishia hapo, na upepo unateleza katikati unaingia ndani. Kwenye ukuta wa pili, juu kabisa chini ya mabati, aliweka mwanya ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Vibao vyote viliunganishwa kwa fimbo moja ya chuma, na ndani, chini ya dirisha, palikuwa na mkono wa kuzungushia. Ukizungusha huku vinafunguka, ukizungusha kule vinafungana, mvua haiingii.

Seti ya kwanza aliitengeneza mwenyewe kwa mbao za makasha, akaifunga darasani kwa Kabula siku ya Jumamosi, Mwalimu Ngwale akiwa amegeukia ukuta ili asione. Kisha akaning'iniza uzi mwekundu kutoka kwenye boriti. Uzi ukisimama wima, hewa imelala. Ukilala upande, hewa inatembea. Jumatatu saa saba uzi ulilala upande. Kwa wiki mbili nzima hakuna mtoto aliyetafakari, na Kabula alirudi nyumbani kila siku na habari za uzi. "Leo umelala hivi, mama," angesema, akainamisha kiganja. Kipande cha uzi kilichobaki Nyamizi alijifunga kwenye kifundo cha mkono, akawa hakivui hata anapooga.

Makao makuu waligundua kwamba Shule ya Shukurani imeporomoka kwa kutafakari. Wakatuma gari.

*

Kamati ya Kitaifa ya Hewa ilikutana ghorofa ya tisa, katika chumba chenye viyoyozi vitano. Wajumbe walivaa masweta. Mwenyekiti alikuwa Bwana Matindi, Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu na Utulivu, mtu mfupi, msafi, mwenye sauti ya taratibu kama ya mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Watu waliiogopa sana sauti hiyo.

"Bi Msanifu," alisema, "Kamati imefurahi. Wananchi wetu wamekuwa wakipumua tangu uhuru, lakini kiholela, kila mtu na lake. Sasa kupumua kutakuwa na mpangilio. Tuna swali dogo tu. Sura iko wapi?"

Nyamizi alijua swali hilo litakuja. Sheria ya Sura ilikuwa na vifungu viwili. Cha kwanza: kila kitu cha umma, kuanzia daraja hadi kopo la kunawia, sharti kibebe sura ya Mlezi Mkuu. Cha pili: karatasi au ubao wowote wenye sura hiyo usiandikwe jina la mtu mwingine, mtu huyo asije akalinganishwa naye.

"Nilifikiri tungeiweka juu ya mlango, mzee."

"Juu ya mlango ni nusu mita. Dirisha lako ni mita sita." Bwana Matindi alichukua penseli, akachora mwenyewe uso mpana juu ya vibao vyote, mashavu na masharubu, kutoka pembe hadi pembe. Kisha akachukua kifutio, akafuta jina la Nyamizi pale chini ya mchoro, pole pole, akapuliza vumbi lake. "Sasa umekamilika."

Nyamizi aliutazama ule mchoro. Miaka kumi na minane ya kazi, na hapo palipokuwa na jina lake pamebaki doa la kijivu. Liliuma. Lakini kuna jambo lililomuuma zaidi.

"Mzee, vibao vikifunguliwa, uso utakatika vipande."

Mjumbe mmoja alivuta sweta lake hadi kidevuni.

"Hapo umesema vizuri," alisema Bwana Matindi. "Basi havitafunguliwa."

"Vikifungwa hewa haipiti, mzee."

"Hewa itaelewa."

"Watoto watazimia kuliko mwanzo. Mwanzo maboksi yalikuwa na matundu."

Bwana Matindi akaweka penseli yake chini. "Nasikia una binti," alisema kwa ile sauti. "Mwambie asome kwa bidii. Nyumba ya Malezi ina nafasi siku zote."

Nyumba ya Malezi ilikuwa juu ya kilima, jengo zuri, limepakwa chokaa. Watoto walioingia pale walitoka na adabu isiyo kifani. Walisalimu kwa pamoja hata alipokuwa mmoja peke yake. Waliushukuru mlango kabla ya kuufungua. Hawakucheza tena. Na mpate kuelewa kwamba serikali haikuwahi kumchukua mtoto wa mtu, hata siku moja. Mzazi ndiye aliyemtoa, kwa hiari yake, baada ya kukitambua kielelezo cha kosa la mwanawe mbele ya ofisa na kutia saini. Wazazi wengi walishaona hiari hiyo.

Nyamizi akakubali. Njiani alijipa moyo: watakuja, watazindua, wataondoka, na msafara ukishapinda kona Mwalimu Ngwale atazungusha ule mkono wa chuma. Nani atajua? Aliuhamisha mkono kwenye mchoro, akauficha nyuma ya dawati la mwisho.

*

Siku ya uzinduzi uso wa Mlezi Mkuu ulifunika dirisha zima la darasa la Kabula. Mchoraji alikuwa hodari, hata chunusi ya kipajini aliipa heshima yake. Nje palifungwa mahema, wakaletwa mabalozi, kamera za televisheni, na wazazi waliosimamishwa nyuma ya kamba. Upepo ulikuwepo wa kutosha, mahema yalikuwa yanapigapiga.

Mila ya nchi ile ilitaka fundi ajaribiwe na kazi yake mwenyewe siku ya kuzinduliwa. Aliyejenga daraja husimama chini yake lori la kwanza linapopita, ndiyo maana madaraja yalikuwa machache. Kwa hiyo Nyamizi aliingizwa darasani pamoja na watoto hamsini na wawili na mwalimu wao, mlango ukafungwa kwa nje kwa sababu za usalama. Vibao vilikuwa vimefungana kabisa. Hata ule mwanya wa chini ya mabati ulizibwa kwa kitambaa chenye rangi za taifa. Ilikuwa saa sita unusu.

"Tukae kwa utulivu," alisema Mwalimu Ngwale. "Ni dakika kumi na tano tu."

Nje Mlezi Mkuu alianza kuhutubia, ameuelekea uso wake mwenyewe ukutani, kwa maana hakupenda kuwatazama watu wengine anapozungumza. "Ndugu wananchi," kipaza sauti kilinguruma, "hewa ni haki ya kila mtoto. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo nilivuta hewa." Makofi. "Wapo maadui wanaosema hewa haitoshi. Nawauliza, waliipima wapi?" Makofi marefu zaidi.

Saa saba kasoro robo mtoto wa dawati la pili aliteleza akakaa sakafuni. Saa saba walikuwa sakafuni watano. Uzi mwekundu ulisimama wima, hautikisiki. Mabati yalikuwa yanalia kwa joto, na harufu ya rangi mbichi ya ule uso ilijaa chumba kizima. Mwalimu Ngwale alikuwa akitembea kati ya madawati anafungua vifungo vya mashati, na kila aliyeanguka alimwambia kwa sauti ya chini, "Tafakari, mwanangu, tafakari." Kisha hata hilo akaacha kulisema.

Hotuba ilikuwa imefika utoto wa Mlezi Mkuu. Watu wote walijua kwamba baada ya utoto hufuata ujana, na ujana una vita viwili.

Saa saba na dakika ishirini Kabula alimtafuta mama yake kwa macho. Akainamisha kiganja kidogo, vile alivyokuwa akionyesha nyumbani, kisha kiganja kikaanguka, na kichwa kikaangukia dawati.

Nyamizi hakuomba ruhusa. Alilisukuma dawati la mwisho, akaushika mkono wa chuma, akazungusha.

Vibao viligeuka vyote kwa pamoja. Upepo uliingia kwa nguvu, ukatupa daftari chini, na ule uzi ukalala upande mpaka ukakaribia kugusa boriti. Watoto walianza kuvuta pumzi kwa kelele. Kabula alikohoa. Nyamizi alipiga magoti pale chini ya dirisha amemshika, na kupitia katikati ya vibao aliwaona watu wa nje.

Nao waliwaona wa ndani. Mbele ya mabalozi na kamera, uso wa Mlezi Mkuu ulikuwa umekatika vipande kumi na sita, jicho hapa, nusu ya sharubu pale, na katikati ya kila kipande na kipande walionekana watoto wamelala sakafuni. Mwanamke mmoja nyuma ya kamba akaanza kuita jina la mwanawe. Halafu mwingine. Hawakupiga kelele, waliita tu, mmoja mmoja, majina ya watoto wao, na kipaza sauti kilichokuwa wazi kikayachukua yote.

Mlezi Mkuu alisimama akiutazama uso wake kwa muda mrefu. Kisha akakunja hotuba, akaingia garini.

*

Gazeti la kesho yake liliandika kwamba uzinduzi ulifana. Vibao vilipigiliwa misumari, uchunguzi ukaanza.

Sasa hapo serikali ilipata tabu isiyoitarajia. Watoto waliitwa mmoja mmoja na kuulizwa: nani aliwafungulia hewa? Wote hamsini na wawili walisimama wima wakajibu, "Mlezi Mkuu." Ndivyo walivyofundishwa kujibu swali lolote linaloanza na nani, na hakuna ofisa aliyethubutu kuandika kwamba jibu hilo ni kosa. Mwalimu Ngwale alisema yeye wakati wote alikuwa ameikodolea macho picha ya ukutani, kama inavyompasa mtumishi. Na mchoro wa vibao ulipotolewa kwenye kabati ili kumtia fundi hatiani, chini yake palikuwa na doa la kijivu lisilo na jina.

Hata hivyo Nyamizi alichukuliwa, wakisema anakwenda kusaidia maelezo. Aliwekwa katika chumba kisicho na dirisha kabisa, chini ya paa la bati, meza moja na viti viwili. Wiki ya tatu, mchana, Bwana Matindi aliingia na bahasha.

"Habari za hapa, Mama Kabula?"

Hakuwahi kumwita hivyo.

"Nzuri, mzee."

"Watoto wa darasa lile waliambiwa wachore sura ya Mlezi Mkuu kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa." Akamimina makaratasi mezani. "Tazama."

Katika kila karatasi uso ulikuwa vipande. Macho yako juu, kisha nafasi nyeupe, kisha pua, kisha nafasi, kisha masharubu. Watoto walikuwa wamemchora kama walivyomjua.

"Mmoja wao alianza, wengine wakaiga," alisema Bwana Matindi. "Nafikiri ni mtoto aliyefundishwa nyumbani. Hakuna jina hata kwenye mmoja, sheria unaijua. Wewe ni mama, unaujua mkono wa mwanao. Nionyeshe wake, usaini hapa, urudi nyumbani kwako leo hii. Yeye atapata malezi."

Nyamizi akavuta mkono wa blauzi hadi kwenye vidole, akaanza kupekua. Mmoja, mwingine, mwingine. Kwenye karatasi ya thelathini na moja, pembeni mwa sikio la Mlezi Mkuu, palikuwa na mstari mwembamba mwekundu unaotoka juu na kulala upande. Alitamani aishike ile karatasi, hata aipitishie kidole tu. Akaifunua kwa mwendo uleule aliofunulia nyingine, akaenda kwenye ya thelathini na mbili.

"Siwezi kuwatofautisha, mzee."

"Rudia."

Akarudia. Mara ya tatu Bwana Matindi mwenyewe akasimamisha mkono juu ya ile karatasi.

"Huu mstari ni wa nini?"

"Kalamu imeteleza. Labda mtoto alisinzia kwa joto."

Bwana Matindi aliutazama mstari, akamtazama yeye, akatazama ule mkono wa blauzi ulioshikwa kwa ndani. "Nitawauliza wenyewe," alisema.

Nyamizi hakulala siku hizo, wala ule mlo aliopewa hakuugusa. Alikaa akimwazia Kabula akiushukuru mlango.

Siku ya nne Bwana Matindi alirudi, kola imelowa jasho. Kumbe alikwenda darasani, akainua ile karatasi mbele ya watoto wote na kuwauliza mstari mwekundu maana yake nini. Watoto waliutazama vizuri sana. Akawaamuru wachore upya, mkosaji ajulikane. Aliyamimina makaratasi mapya mezani. Hamsini na mawili, uso umekatika vipande, na pembeni mwa kila sikio uzi mwekundu umelala upande.

"Upi wa mwanao?"

"Siwezi kuwatofautisha, mzee," alisema Nyamizi, na safari hii hakuwa anadanganya.

Siku ya tisa watu wawili waliingia wamebeba vikapu. Bwana Matindi alifuata nyuma, ametoa tai. Aliagiza michoro kutoka shule nyingine, alisema, ili apate kulinganisha. Shule za mpakani, za visiwani, ambazo hazijawahi kuona kibao hata kimoja. Aliokota karatasi ya juu kikapuni, akaiweka mezani: uso vipande, na pembeni uzi mwekundu. Akaokota nyingine. Akaokota nyingine. Chumba kilikuwa cha moto kiasi kwamba karatasi zilinata vidoleni, naye akalazimika kukaa.

"Nani amewafundisha hawa?" aliuliza. Ile sauti ya kumjulia mtu hali haikuwepo tena.

Nyamizi aliweka mikono yote miwili juu ya meza, na mkono wa blauzi ukapanda wenyewe.

"Mlezi Mkuu, mzee," alijibu. "Kila jema linatoka kwake."

Bwana Matindi aliuona uzi kwenye kifundo chake. Akafungua kalamu kwa haraka, akavuta karatasi iliyokuwa karibu, kisha iliyokuwa chini yake, kisha akainama kikapuni akachakura hadi chini kabisa. Zote zilikuwa na ule uso, na hapakuwa na mahali pa kuandika jina.